Sentimita 5.8

Jumamosi, 18 Januari 2025

Nimerudi kutoka mjini na bahasha ya kaki. Upepo wa alasiri ulikuwa umeshaamka, huu wetu wa Chechelesi unaoinua vumbi hadi Mlima Kenya unapotea kabisa upande wa kusini, na kijana wa bodaboda alisimama mara mbili kufuta macho. Bahasha niliificha chini ya mtandio.

Maumivu haya yana miezi miwili. Si makali. Ni uzito fulani chini ya tumbo, upande wa kulia, nao huongezeka ninapoinama kuchota maji kwenye pipa. Kituo nilichoenda sikitaji hata humu. Niliambiwa ninywe lita moja ya maji na nisiende haja ndogo. Nikalala, nikapakwa jeli baridi, mpimaji akaanza kusukuma kile kichwa cha mashine huku skrini ikimwelekea yeye. Nilichungulia kwa pembeni: kijivu, kijivu, halafu shimo jeusi la mviringo. Akaweka misalaba midogo miwili kwenye kingo za lile shimo, mstari wa nukta ukajichora katikati. Akarudia upande mwingine. Alipokuwa akinipa karatasi ya kujifuta alisema, "Una uvimbe kwenye ovari. Tafuta daktari."

Maneno sita. Nyuma yangu kulikuwa na wanawake wanane kwenye benchi, baadhi wametoka mbali na watoto mgongoni, kwa hiyo naelewa haraka yake. Lakini kwetu neno uvimbe ndilo watu wanalotumia wakiogopa kutamka saratani. Shangazi yetu mkubwa alipofariki Garba Tula, tuliambiwa ni uvimbe. Jirani aliyepelekwa Nairobi akarudishwa kuzikwa, uvimbe. Sijawahi kusikia uvimbe wa mtu aliyepona.

Nimepika, nimemwogesha mtoto, nimesahihisha madaftari kumi na mawili. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 19 Januari, usiku

Mtoto amelala. Nimeifungua bahasha nikaitafsiri ripoti neno kwa neno, kwani nikiisoma kwa Kiingereza naona hukumu tu. Inasema hivi: Ovari ya kulia ina kifuko kimoja, sentimita 5.8 kwa 4.9. Ukuta wake ni mwembamba. Ndani hakuna mwangwi. Hakuna kuta zinazokigawa, wala damu inayopita ndani yake. Ovari ya kushoto ni ya kawaida. Mfuko wa uzazi ni wa kawaida.

Nilikwama kwenye hilo neno mwangwi. Kila mwaka mimi hufundisha watoto somo la sauti. Huwapeleka nyuma ya darasa, wanapiga kelele kuelekea ukuta wa mawe na kusikiliza zinavyorudi. Na mashine ya skani haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Hutuma sauti isiyosikika kwa sikio la mtu, mamilioni ya mitetemo kwa sekunde, wakati sikio letu hukomea kama 20,000 hivi. Kisha hutulia na kusikiliza kinachorudi. Mfupa hurudisha sauti kwa nguvu, ukachorwa mweupe. Nyama hurudisha kiasi, ikawa kijivu. Maji matupu hayarudishi kitu. Sauti hupita tu, na pale pasiporudi sauti mashine huchora weusi.

Kwa hiyo lile shimo lililonitia hofu tangu jana ni maji.

Nimechukua rula ya shule nikapima sentimita 5.8 kwenye ukurasa huu. Ni limau. Ovari yenyewe, nilivyosoma, ni kiasi cha tende moja. Limau lililoshikwa na tende. Ndiyo maana nasikia uzito.

Jumanne, 21 Januari

Leo nilipata mtu wa kuniambia. Ni afisa wa kliniki, mama wa makamo, sisi sote humwita daktari. Aliisoma ripoti kimya, akaniuliza umri (31), watoto (mmoja), hedhi, njia ya kupanga uzazi. Halafu akaigeuza bahasha yangu na kuchora mgongoni mwake.

Naandika kama alivyonieleza, nisije nikasahau. Kila mwezi ovari huotesha kijifuko cha maji, ndani yake mna yai. Hukua hadi sentimita mbili au mbili na nusu, kisha hupasuka, yai likatoka. Hiyo ni kazi yake, na mwanamke yeyote aliye katika umri wa kuzaa akipigwa skani siku hizo ataonekana na kijifuko. Wakati mwingine hakipasuki, kinaendelea kujaa. Wakati mwingine hupasuka vizuri, kisha kikajifunga tena na kujaa maji au damu. Vifuko vya namna hii ndivyo vingi kuliko vyote, na vingi hunywea vyenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu bila dawa yoyote.

"Mwalimu," aliniambia, "mtu akikuambia una kifuko kwenye ovari hajakuambia kitu bado. Muulize ni kikubwa kiasi gani, kina nini ndani, na wewe una umri gani."

Kwa anayepata hedhi bado, chenye maji matupu chini ya sentimita tano mara nyingi hakihitaji hata kufuatiliwa. Kati ya tano na saba, hurudiwa skani. Kikipita saba, huangaliwa kwa kina zaidi na huenda kikaondolewa, kwani mashine huanza kushindwa kukiona chote. Changu kipo katikati. Nirudi baada ya wiki nane.

Halafu akanishika mkono wa kushoto, akapapasa pale kijiti kilipo. Kijiti cha kupanga uzazi, cha homoni ya levonorgestreli, nilichowekwa mwaka 2022. Akasema wanaotumia kijiti hupata vifuko hivi mara nyingi zaidi, kwa sababu kijifuko huanza kukua na wakati mwingine hakipati amri ya kupasuka. Na kwamba hiyo peke yake si sababu ya kukitoa. Sikuwahi kuambiwa hivyo siku ya kuwekwa. Ningalijua, ningalilala usingizi Jumamosi.

Nilimuuliza kuhusu kile kipimo cha damu cha saratani, CA-125, ambacho nilisoma usiku kwenye simu. Alikataa. Alisema kwa mtu wa umri wangu mwenye kifuko cha maji matupu, kipimo hicho huleta hofu kuliko habari: hupanda wakati wa hedhi, hupanda kwa uvimbe wa nyama kwenye mfuko wa uzazi, hupanda hata kwa kifua kikuu cha tumbo. Nikauliza kama vidonge vya kupanga uzazi vingekiyeyusha. Zamani vilitolewa kwa sababu hiyo, alisema, lakini vilipojaribiwa, wanaovimeza na wasiovimeza walipona kwa mwendo uleule.

Mwisho akaandika kwa herufi kubwa: MAUMIVU YA GHAFLA, MAKALI, NA KUTAPIKA. KUZIRAI. HOMA. Akapiga mstari chini. "Hayo usisubiri asubuhi."

Ijumaa, 24 Januari

Shangazi amekuja na manemane. Nilimwambia mama jana, na kumwambia mama ni kumwambia ukoo. Anataka niichemshe na kuinywa siku saba ili "uvimbe utoke kwa chini." Nilimshukuru, nikaiweka kabatini. Siwezi kumrudishia mzee dawa aliyoitembelea soko zima.

Alikaa hadi magharibi akanisimulia habari za mwanamke mmoja wa enzi za usichana wake. Alipasuliwa hospitalini, ndani ya uvimbe zikakutwa nywele, mafuta, na jino. Mumewe alimwacha. Watu walisema amezaa na jini. Maskini alihama, na shangazi hajui alikofia.

Nimesikia hadithi hii tangu nikiwa mtoto na siku zote niliiona ya kutunga. Usiku nimesoma: ni kweli tupu. Kuna aina ya kifuko kiitwacho demoidi, nacho ni cha kawaida sana kwa wasichana na wanawake vijana. Chembe ya yai ina maagizo ya kujenga mwili mzima, ngozi, nywele, jino, mfupa. Mara chache chembe moja huanza kujenga peke yake, bila mbegu ya mwanamume, bila mimba, pasipo mpangilio. Ngozi ile hutoa mafuta na kuotesha nywele kama ngozi nyingine yoyote. Karibu siku zote si saratani. Hutolewa, jambo likaisha, ovari mara nyingi ikabaki.

Nimelia kwa ajili ya mwanamke ambaye sijui hata jina lake. Jino lile lilikuwa lake mwenyewe.

Jumatano, 5 Februari, alfajiri

Saa nane usiku maumivu yaliniamsha. Baba Watoto yuko safarini na lori, amelala Laisamis, mtandao unakatika. Niliwasha taa, nikaisoma ile karatasi ya daktari. Makali? Ndiyo, kidogo. Kutapika? Hapana. Kuzirai? Hapana. Niliweka saa ya simu nusu saa, nikajiambia ikilia na bado hali ni hii namwita jirani mwenye probox.

Ninaloliogopa ni ovari kujisokota. Ovari imening'inia kwa kano na mishipa yake kama kibuyu kwenye kamba. Ikiwa nyepesi hutulia, lakini kifuko kikizidi sentimita tano uzito huweza kuizungusha. Kamba ikijisokota, damu haipiti. Hapo ni upasuaji wa siku hiyohiyo, na zikipita saa nyingi ovari hufa. Hutokea zaidi upande wa kulia.

Simu ilipolia, maumivu yalikuwa yameshuka. Nimeswali alfajiri nimekaa. Sikumpigia Baba Watoto tena; barabara ya Moyale na usiku, asiendeshe huku akiniwaza.

Jumatano hiyohiyo, jioni

Nilipita kwa daktari baada ya shule. Ameniminya tumbo, amesema hali ni shwari, ameniambia niache kubeba mitungi ya lita ishirini hadi skani ya pili. Mwanafunzi mmoja wa jirani ananichotea maji sasa. Katika chumba cha walimu, mwenzangu alinong'ona kwamba yeye aliambiwa ana vifuko "vingi, kama ishirini." Nimemweleza nilichojifunza: hivyo vidogo vingi vilivyojipanga ukingoni ni vijifuko vya mayai vilivyokwama njiani, ni suala la homoni, na tiba yake haihusiani na limau langu. Lugha ndiyo iliyotuweka kapu moja.

Jumapili, 16 Februari

Nimepata hadithi ambayo nitaisimulia darasani nikipata ujasiri.

Mashine hii ilizaliwa kwenye kiwanda. Mjini Glasgow alikuwepo daktari wa wanawake, Ian Donald, aliyejua kwamba mafundi hutumia sauti kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Tarehe 21 Julai 1955 alipakia kwenye buti za magari vimbe zilizotolewa kwa upasuaji, zingine za nyama, zingine vifuko vya ovari, akaenda nazo kiwanda cha Babcock & Wilcox kule Renfrew, ambako walikuwa wanatengeneza mabwela ya mvuke. Walichukua na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Mafundi wakavipima kwa mashine yao ya vyuma. Vifuko vya maji havikurudisha mwangwi kutoka ndani. Vimbe za nyama zilirudisha.

Fikiria: kitu cha kwanza ambacho sauti ile ilimfundisha daktari kutofautisha ndicho hiki nilicho nacho tumboni. Na nilipofika kwenye benchi lile la mjini mwaka 2025, tofauti hiyohiyo haikutamkwa. Ilibaki kwenye karatasi.

Baadaye alikuwepo mama mmoja ambaye madaktari walimwambia ana saratani ya tumbo isiyotibika. Tumbo limejaa, amekonda. Donald akampima, akaona kingo za kifuko kikubwa. Wakampasua, wakatoa kifuko cha ovari kisicho na saratani, mama akapona. Waliandika habari zao katika jarida la Lancet la tarehe 7 Juni 1958, yeye pamoja na daktari John MacVicar na fundi Tom Brown. Nafurahi kuwa jina la fundi limo.

Na kabla ya mashine zote, Desemba 1809, huko Kentucky Marekani, mwanamke aitwaye Jane Todd Crawford alipanda farasi mwendo wa karibu kilomita 100 akiwa amebeba uvimbe wa ovari alioudhania mimba. Daktari Ephraim McDowell aliutoa bila dawa ya usingizi, kwa maana ilikuwa haijagunduliwa. Ulikuwa na uzito wa kilo kumi. Aliishi miaka 32 zaidi. Nimemwaza juu ya farasi, akiyumba, nikawawaza wanawake wa Merti wanaoletwa huku nyuma ya pikipiki wakishikilia tumbo.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia, na wiki zangu nane zinaangukia katikati yake. Skani ya juu ya tumbo inataka kibofu kilichojaa: maji yale husukuma utumbo kando na kuwa dirisha la kuonea. Kuna ile nyingine ya ndani inayofanywa kibofu kikiwa kitupu, nayo huona karibu zaidi, lakini sitaki kuingia kwenye maswali ya saumu nikiwa na hofu juu.

Nimepanga hivi. Nitakunywa wakati wa daku, maji mengi, nitaomba niwe wa kwanza saa mbili asubuhi, na nitavumilia. Mama anasema niache kufunga siku hiyo nilipe baadaye, dini ina wepesi. Najua ina wepesi. Nataka kufunga.

Jumamosi, 15 Machi

Hakipo.

Nilikunywa lita moja na nusu kabla ya adhana. Kufika saa moja na nusu nilikuwa natembea kwa hatua za kuku. Kituo kingine mara hii, na mpimaji ni dada kijana aliyejifunga shungi. Aliniuliza kwa nini nimekuja, akasoma ripoti ya kwanza yote, kisha akafanya jambo ambalo nitamwombea kila futari ya mwezi huu: aliigeuza skrini.

"Hiki kikubwa cheusi ni kibofu chako, pole sana. Huu mfuko wa uzazi. Hii ovari ya kulia." Tende ya kijivu. Akaizungukia kwa mshale, akaipima, sentimita 3 kwa 2. Limau limekwenda. Upande wa kushoto akanionyesha kitone cheusi cha sentimita 1.9. "Hiki ni kijifuko cha kawaida. Nitakiandika hivyo, kijifuko cha kawaida, usije ukasoma ukaogopa."

Nilikimbilia chooni kabla ya kumshukuru. Niliporudi alikuwa na mgonjwa mwingine, nikasimama mlangoni hadi akatoka.

Jumanne, 18 Machi

Baada ya futari nilimwonyesha mama picha mbili, ya Januari na ya juzi, nikamweleza kwa Kiborana. Nilitumia neno bishaan, maji, na sikulitaja lile neno jingine. Alizishika karibu na taa muda mrefu. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba yeye tumbo lake hujaa tangu kabla ya mwaka mpya. Kwamba vijiko vitatu vya uji vinamshibisha. Kwamba huamka kwenda haja mara nne usiku. Kwamba sketi hazifungi ilhali mikono imekonda.

Miezi mitatu. Tumekaa kwenye mkeka mmoja tukizungumza juu ya ovari yangu, naye amenyamaza.

Ana miaka 60, hedhi ilikoma zamani. Nakumbuka swali la tatu la daktari, la umri. Ovari iliyostaafu haioteshi vijifuko vya kila mwezi, kwa hiyo kikionekana kitu hapo hakiulizwi maswali niliyoulizwa mimi. Vidogo vyenye maji matupu huwapata wengi wa umri wake na havidhuru. Lakini kujaa tumbo kusikoisha, kushiba upesi, kukojoa mara kwa mara, vyote pamoja, kwa mama wa miaka 60, ni vya kupimwa haraka.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Nilijua mtaniambia ni uvimbe."

Jumatano, 9 Aprili

Nilitaka twende siku ileile iliyofuata. Alikataa hadi Idi ipite, na shule zifungwe, na mbuzi wa nadhiri auzwe. Nimekosa kumlazimisha, na hilo litanisumbua. Nimemsajili SHA kwa simu, *147#, kwani kadi yake ya NHIF haina kazi tangu Oktoba.

Dada yule wa skrini alimpima. Aliigeuza tena, naye mama akainua kichwa kutazama. Hata mimi niliona. Weusi ulikuwepo, lakini umekatwa na kuta nyeupe, na kwenye kona moja kulikuwa na pande la kijivu lililoota kutoka ukutani. Sentimita 7.4. Na maji kidogo yamezagaa tumboni, nje ya kifuko.

Dada hakusema ni nini. Alisema picha haiwezi kusema ni nini. Alisema kuna sehemu ya maji na sehemu isiyo ya maji, na kwamba hiyo ya pili inatakiwa kuonwa na daktari bingwa wa wanawake Meru, na mapema. CA-125 imechukuliwa leo. Kwa umri wake, na kwa picha hii, ina maana.

Jumapili, 13 Aprili

Kesho Meru. Tumepanga gari la saa kumi na mbili. Kwenye bahasha ya kaki, ileile yenye mchoro mgongoni, nimeweka ripoti, picha, karatasi ya damu, kitambulisho, na orodha ya maswali kumi na moja. Baba Watoto ametuma pesa kutoka Marsabit na kusema atatukuta huko.

Mama amefua, ameanika leso mbili, amekaa mlangoni kwenye baridi ya jioni. Upepo umetulia na mlima umeonekana, wote, hadi theluji.

"Ndani mna maji?" aliniuliza.

"Mna maji, mama. Na mna kitu kingine ndani ya maji."

Akafikiri. "Basi twende wakakiangalie," akasema, akaniomba nimtolee ile sketi pana.